TUNDU KATIKA MSHIPA WA DAMU: NAMNA LINAVYOFUNGULIWA NA NAMNA LINAVYOZIBWA

Kila mwanafunzi aliyepata kumshika mbuzi wakati wa kuchinjwa ameona jambo ambalo vitabu vyetu vya Baiolojia hulitaja kwa mstari mmoja tu. Kisu kikipita shingoni, damu haimwagiki kama maji ya mtungi uliopinduliwa. Huruka kwa vipindi, ikifuata mapigo ya moyo, na huendelea kuruka mpaka moyo uchoke. Hiyo ni damu ya ateri, yaani mshipa upelekao damu kutoka moyoni. Damu ya vena, yaani mshipa urudishao damu moyoni, hutiririka polepole na rangi yake ni ya giza zaidi. Mwenye kuifahamu tofauti hiyo ameshaifahamu nusu ya somo hili.

Somo lenyewe ni hili. Siku hizi madaktari waweza kutibu moyo bila kupasua kifua. Hutoboa tundu dogo katika mshipa wa paja au wa mkono, hupitisha mrija mwembamba mpaka moyoni, hufanya kazi yao kwa kutazama picha ya eksirei, kisha huutoa mrija. Watu wengi wakisikia habari hiyo hustaajabu jinsi mrija unavyofika moyoni. Mimi nastaajabia zaidi jambo jingine: mrija ukishatolewa, lile tundu huzibwa na nini? Mpira wa baiskeli ukitoboka twauvua, twautoa upepo, twausugua na kuubandika kiraka. Mshipa hauvuliwi, wala damu iliyomo haiwezi kutolewa ikangoja nje. Kutoboa ni kazi ya dakika chache. Kuziba ndiko kulikowatesa madaktari, na hata leo hawajapata njia moja ambayo wote wameikubali.

Nguvu iliyomo ndani ya ateri

Mtu wa kwanza kuipima nguvu hiyo alikuwa mchungaji wa kanisa huko Uingereza, Stephen Hales. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1733 alieleza jinsi alivyomfunga farasi jike chali, akaifungua ateri ya paja karibu na tumbo, akaingiza bomba dogo la shaba, na juu yake akasimamisha bomba refu la kioo. Damu ilipanda ndani ya kioo mpaka futi 8 na inchi 3, yaani kama mita mbili na nusu, ikawa inapanda na kushuka kidogo kwa kila pigo la moyo. Farasi huyo hakupona.

Na sisi tufanye hesabu yetu bila kumwua mnyama. Moyo wa mtu mzima mwenye afya unapokaza, msukumo wa damu katika ateri hufika kama milimita 120 za zebaki. Zebaki ni nzito kuliko maji mara 13.6, na damu ni nzito kuliko maji kidogo tu, kama mara 1.06. Zidisha 120 kwa 13.6, kisha gawanya kwa 1.06, utapata karibu milimita 1,540. Maana yake ni kwamba damu ya mtu, ikifunguliwa bomba la kioo kama la Hales, ingepanda zaidi ya mita moja na nusu. Wengi wa wanafunzi wetu wa kidato cha kwanza wakisimama kando ya bomba hilo, damu ingewafikia utosini.

Katika vena msukumo ni mdogo sana kuliko huo. Ndiyo maana muuguzi akikuchoma sindano mkononi ili kutoa damu ya kupima, kipande cha pamba na dakika chache za kubana hutosha.

Mwili wenyewe una mafundi wake. Mshipa ukitobolewa, misuli ya ukuta wake hujikaza ili kulipunguza tundu. Ndani ya ukuta huo mna nyuzi ngumu ziitwazo kolajeni, ambazo kwa kawaida hazionani na damu. Zikionana nayo, chembe sahani za damu huzigandia, zikajibandika moja juu ya nyingine mpaka zikawa kizibo. Kisha damu hufuma wavu wa nyuzi za faibrini juu ya kizibo hicho, na wavu huo hukishika kisichukuliwe na mkondo. Msomaji aweke neno kolajeni akilini, maana tutakutana nalo tena. Lakini mafundi hawa wanahitaji nafasi ya kufanya kazi. Katika ateri kubwa mkondo una nguvu mno, nao hukifagilia mbali kizibo kabla hakijashika.

Mwanafunzi wa Lyon na fundi wa kutarizi

Mwaka 1894 Rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alichomwa kisu katika mji wa Lyon. Kisu kilikata vena kubwa iendayo kwenye ini. Madaktari walikuwapo, lakini siku zile hapakuwa na njia ya kuaminika ya kushona mshipa mkubwa, naye akafa kabla hakujapambazuka. Katika mji huohuo alikuwako kijana aliyekuwa akisomea udaktari, jina lake Alexis Carrel. Yeye hakukubali kwamba mshipa haushoneki. Alikwenda kujifunza kushona kwa bibi mmoja fundi wa kutarizi, akatafuta sindano nyembamba kupita kiasi na nyuzi za hariri, akazipaka mafuta ili zisiuchane ukuta wa mshipa.

Njia aliyoitangaza mwaka 1902 yaweza kuelezwa kwa jiometri ya darasa letu. Kinywa cha mshipa ni duara, tena duara laini lisilotulia, na kushona duara la namna hiyo ni taabu. Carrel alitia mishono mitatu mahali patatu palipoachana sawasawa, kisha nyuzi hizo tatu zikavutwa kwa nje. Duara likawa pembetatu. Akashona upande mmoja ulionyooka, kisha wa pili, kisha wa tatu. Nyuzi zilipoachiwa mshipa ukarudi kuwa duara, na ndani ukabaki wazi. Mwaka 1912 alipewa Tuzo la Nobel kwa kazi hiyo.

Ushonaji wa Carrel ungali unatumika. Hata hivyo wahitaji ngozi ipasuliwe na mshipa uonekane kwa macho. Jambo lililobaki lilikuwa kuingia ndani ya mshipa na kutoka, bila kufungua mwili.

Waliotafuta njia ya kuingia

Katika majira ya joto ya mwaka 1929, katika hospitali ya mji mdogo wa Eberswalde nchini Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alitaka kuonyesha kwamba mrija waweza kufikishwa moyoni mwa mtu aliye hai bila kumdhuru. Mkuu wake alimkataza. Forssmann akamshawishi muuguzi aliyekuwa na funguo za vyombo safi. Muuguzi yule akakubali, ila kwa sharti kwamba mrija upitishwe kwake yeye. Forssmann alimlaza mezani, akamfunga mikono na miguu, kisha akageuka pembeni akaufungua mshipa wa mkono wake mwenyewe wa kushoto na kuingiza mrija wa sentimeta 65. Baadaye walishuka pamoja hadi chumba cha eksirei, mrija ungali ndani yake, nao wakaona ncha yake imefika katika chumba cha moyo cha upande wa kulia.

Wanafunzi wasimwige, mwenyewe alipata lawama nyingi kuliko sifa, hata akaiacha kazi ya moyo akashika nyingine. Mwaka 1956 ndipo alipopewa Tuzo la Nobel pamoja na André Cournand na Dickinson Richards, ambao walikuwa wameiendeleza kazi hiyo huko Marekani.

Forssmann aliingia katika vena, ambamo nguvu ni ndogo, tena kwa kupasua. Aliyetaka kuingia katika ateri alikuwa na njia mbili, na zote mbaya. Aliweza kupasua ngozi, kuutafuta mshipa, kuufungua na baadaye kuushona. Au aliweza kuchoma sindano nene, akaupitisha mrija ndani ya tundu la sindano. Hebu tuifikirie njia hii ya pili. Mrija unaopita ndani ya sindano hauna budi kuwa mwembamba kuliko sindano. Sindano ikivutwa nje, tundu lililobaki ni la unene wa sindano, na kilichomo ni mrija mwembamba. Nafasi iliyobaki pembeni huvuja damu. Tena mrija ulikuwa mwembamba mno kwa kazi iliyotakiwa.

Sven-Ivar Seldinger, daktari wa eksirei katika mji wa Stockholm nchini Sweden, alikuwa na umri wa miaka 31 mwaka 1952 alipolitatua fumbo hilo. Mkononi alikuwa na vitu vitatu: sindano, waya na mrija. Alikuwa akijiuliza namna ya kuvitumia pamoja, na baadaye alieleza kwa mzaha kwamba alishikwa ghafula na ugonjwa wa kutumia akili ya kawaida. Sindano nyembamba huchomwa katika ateri. Waya laini hupitishwa ndani ya sindano mpaka uingie mshipani. Sindano huvutwa nje, waya ukibaki. Kisha mrija huvishwa juu ya waya, kama ushanga uvishwavyo katika uzi, ukasukumwa mpaka ndani ya mshipa. Mwisho waya hutolewa. Sasa mrija ni mnene kuliko tundu la sindano, nao hulijaza tundu wenyewe. Kile kinachoingia ndicho kizibo.

Aliyepata kumtazama fundi umeme akipitisha waya wa kuvutia katika bomba la ukutani kabla ya kuvuta nyaya zenyewe atalielewa jambo hili mara moja. Seldinger alilitangaza mwaka 1953. Mkubwa wake aliona kwamba jambo lenyewe ni dogo mno kufaa kuwa tasnifu, ikambidi aandike nyingine juu ya habari tofauti kabisa. Leo hospitali chache sana duniani zaweza kupitisha siku bila ya kuitumia njia yake, maana hutumika si katika moyo tu bali pia katika figo, ini, na popote panapotakiwa mrija.

Baadaye kikaongezwa chombo ambacho Kiswahili kina jina lake tayari, nacho ni ala. Kama kisu kiingiavyo na kutoka katika ala yake bila kuuchana mkanda, ndivyo mirija ipitavyo katika ala iliyowekwa mshipani. Daktari aweza kubadilisha mrija mara tano au kumi, na ukuta wa mshipa hauguswi tena. Mlangoni mwa ala mna kitako cha mpira kilichopasuliwa katikati; mrija ukiingia kinauachia njia, ukitoka kinajifunga, damu isirushwe nje.

Unene wa vyombo hivi hupimwa kwa kipimo cha mtengenezaji wa vyombo vya hospitali wa Paris, Charrière, aliyeishi katika karne ya 19. Kipimo kimoja ni theluthi moja ya milimita. Mrija wa namba 6, basi, una kipenyo cha milimita 2. Ila ala hupewa namba kwa nafasi iliyo ndani yake, si kwa unene wa nje, kwa hiyo tundu linalobaki mshipani huwa kubwa zaidi kuliko namba isemavyo. Mwenye kufanya hesabu na alikumbuke hilo.

Njia ilipokwisha kufunguka, kazi zilifuata upesi. Mwaka 1964 Charles Dotter wa Portland, Marekani, aliifungua ateri iliyoziba ya mguu wa bibi wa miaka 82 aliyekuwa amekataa kukatwa mguu. Mwaka 1977 Andreas Grüntzig, katika mji wa Zürich, aliipanua ateri ya moyo kwa puto dogo lililopitishwa kutoka pajani. Mwaka 2002 Alain Cribier wa Rouen, Ufaransa, aliweka vali mpya ya moyo kwa njia ya mrija. Hapa kwetu Tanzania kazi za mirija ya moyo hufanywa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kuwa taasisi kamili mwaka 2015.

Mkono wa mtu

Sasa turudi kwenye tundu. Mrija ukiwa mshipani, damu huweza kuganda juu yake, na kidonge cha damu iliyoganda kikienda kwenye ubongo mgonjwa hupooza au kufa. Kwa hiyo daktari humpa dawa ya kuzuia kuganda, iitwayo heparini. Saa moja baadaye daktari huyohuyo huutoa mrija, naye hutaka damu igande, tena upesi, mahali pamoja tu! Iko dawa ya kuivunja nguvu heparini, iitwayo protamini, ambayo asili yake ni mbegu za samaki dume aina ya samoni, lakini si kila mgonjwa anaweza kupewa, na wengi wa wagonjwa wa moyo huwa wamekwisha kumeza dawa nyingine zinazozuia chembe sahani zisishikane.

Chombo cha kwanza cha kuziba kilikuwa vidole vya mkono. Daktari au muuguzi huutoa mrija na papo hapo hubana, kwa dakika 15 au 20 bila kuachia. Yako mambo mawili ya kujua katika kubana. Kwanza, sindano iliingia kwa mshazari, kwa hiyo tundu la mshipa haliko chini ya tundu la ngozi bali liko juu yake kidogo, upande wa tumbo. Mwenye kubana penye tundu la ngozi tu huona ngozi kavu, na kumbe damu inajikusanya ndani. Pili, asibane mpaka mguu ukose damu kabisa. Abane kiasi cha kuupunguza mkondo, ili wale mafundi wa mwili, chembe sahani na faibrini, wapate nafasi.

Tena mahali penyewe pana siri yake. Kinenani ateri ya paja hupita juu ya kichwa cha mfupa wa paja, yule mviringo uingiao katika nyonga. Mfupa huo ni kama kibao cha kukatia mboga. Ukibana, mshipa unabanwa kati ya kidole na mfupa. Sindano ikichomwa juu mno, mshipa unakuwa umekwisha kuingia ndani ya nyonga, na nyuma yake hapana mfupa wa kushindana na kidole. Damu hapo huvujia ndani, nyuma ya tumbo, mahali ambapo macho hayaoni. Mgonjwa hulalamika maumivu ya kiuno au ya mgongo, hutokwa jasho la baridi, msukumo wa damu hushuka, na ngozi ya kinena ingali safi. Wako waliokufa hivyo baada ya moyo wao kutibiwa vizuri. Ndiyo sababu madaktari waangalifu hulitazama kwanza lile fuvu la mfupa kwa eksirei, au huutazama mshipa kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ndipo huchoma.

Baada ya kubanwa, mgonjwa hulala chali saa nne mpaka sita, mguu umenyooshwa. Aliyepata kulala chali bila kugeuka kwa saa sita, tena akiwa mzee mwenye maumivu ya mgongo, anajua kwamba hilo si jambo dogo.

Nanga, uzi na kibanio

Katika miaka ya 1990 viwanda vilianza kuuza vyombo vya kuziba tundu mara tu mrija utolewapo. Viko vya namna nyingi, lakini fikra zilizomo ni tatu tu.

Ya kwanza ni ya nanga na kizibo. Kupitia tundu lilelile, kijiti kidogo bapa hutumbukizwa ndani ya mshipa. Kikivutwa nyuma hulala kwa ubavu dhidi ya ukuta wa ndani, kama nanga iliyokamata mwamba. Nje ya ukuta husukumwa sponji ndogo ya kolajeni, ambayo kwa kawaida hutokana na ng'ombe. Uzi huzivuta nanga na sponji zikutane, na ukuta wa mshipa ukawa katikati yake. Hapo ndipo tunapokutana tena na lile neno. Kolajeni ya ng'ombe hufanya kazi ileile ya kolajeni ya mshipa wetu, yaani huziita chembe sahani. Vyote viwili, nanga na sponji, huyeyuka mwilini katika muda wa miezi kama mitatu.

Ya pili ni ya uzi. Hii ni kazi ya Carrel iliyofanywa gizani. Chombo huingizwa mshipani, na sindano ndogo zilizofichwa ndani yake huuchoma ukuta pande zote mbili za tundu na kutoka na uzi. Daktari huvuta, hukaza fundo, hulisukuma fundo kwa kijiti mpaka likae juu ya mshipa, kisha hukata. Hakuona hata mshono mmoja.

Ya tatu ni ya kibanio. Kibanio hiki hutengenezwa kwa mchanganyiko wa nikeli na titani, madini yenye tabia ya kulikumbuka umbo lake. Hupelekwa kikiwa kimefunguliwa, na kikiachiwa juu ya mshipa hujirudi na kuzikusanya kingo za tundu, kama mkono ukusanyavyo mdomo wa mfuko. Hukaa nje ya ukuta, hakiingii penye mkondo wa damu.

Je, vyombo hivi vimeushinda mkono? Mwaka 2014 madaktari wa Ujerumani walitoa matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wagonjwa 4,524 waliopimwa moyo kupitia pajani. Kwa bahati nasibu wengine walizibwa kwa vyombo, wengine walibanwa kwa mkono. Vyombo viliizuia damu kwa dakika moja tu katika hali ya kawaida, na mkono kwa dakika 10. Lakini katika kila wagonjwa 100, waliopata madhara penye tundu walikuwa kama 7 kwa vyombo na kama 8 kwa mkono. Tofauti hiyo ni ndogo mno hata haiwezi kusemwa kwamba upande mmoja ulikuwa na hatari kidogo kuliko mwingine. Vyombo viliokoa wakati na uchovu. Usalama ulikuwa uleule, na vyombo vyauzwa kwa fedha nyingi, ilhali mkono hauuzwi. Viko pia na madhara ambayo mkono hauna. Nanga yaweza kukatika ikachukuliwa na damu mpaka mguuni, na kitu kigeni chaweza kuingiza vijidudu. Kwa maoni yangu, hospitali yenye wauguzi hodari wa kubana haina haja ya kujiona maskini.

Wale waliohamisha tundu

Waliopunguza hatari zaidi ni wale waliohamisha tundu. Mwaka 1989 Lucien Campeau wa Montreal, Kanada, alitoa habari za wagonjwa 100 ambao mioyo yao aliipima kupitia ateri ya mkono, ile ambayo muuguzi huigusa chini ya kidole gumba akihesabu mapigo. Mwaka 1992 Ferdinand Kiemeneij wa Amsterdam alianza kutibu, si kupima tu, kwa njia hiyohiyo. Ateri hiyo ni nyembamba, kweli, na huweza kujikaza kwa hasira ikichokozwa. Lakini iko juujuu chini ya ngozi, na nyuma yake pana mfupa. Hakuna shimo la ndani ambamo damu yaweza kujificha. Ikivuja, kila mtu anaona.

Katika jaribio kubwa la Ulaya lililotangazwa mwaka 2015, wagonjwa 8,404 waliopatwa na shambulio la moyo waligawanywa kati ya mkono na paja. Katika siku 30, kwa kila wagonjwa 1,000, waliokufa walikuwa 16 kwa njia ya mkono na 22 kwa njia ya paja. Waliotokwa damu vibaya walikuwa 16 kwa 23. Wanafunzi wa hesabu wataona kwamba 6 kati ya 1,000 ni wachache. Basi na wafikirie ni wagonjwa elfu wangapi duniani hutibiwa hivyo kila mwaka.

Chombo cha kuziba hapa ni bangili. Ni bangili ya plastiki inayoangaza kama kioo, yenye mfuko wa hewa. Huvishwa juu ya tundu, hutiwa hewa kwa bomba la sindano, ala hutolewa, kisha hewa hupunguzwa kidogo kidogo mpaka damu itake kuchomoza, ndipo hurudishwa hewa kiasi kidogo. Kwa kuwa bangili yaonyesha kilicho chini yake, muuguzi huona. Mgonjwa aweza kuketi, kunywa chai, na kwenda msalani kwa miguu yake. Muuguzi huzidi kupunguza hewa katika muda wa saa kadhaa mpaka bangili ivuliwe. Kosa linaloogopwa ni kuijaza hewa mno. Mkondo ukikatwa kabisa kwa muda mrefu, ateri yenyewe yaweza kuziba moja kwa moja.

Na ikiziba, mkono utaoza? Kwa kawaida la, kwani kiganja kina ateri mbili, moja upande wa kidole gumba na moja upande wa kidole cha mwisho, nazo huungana kiganjani kama matao. Jambo hili wanafunzi waweza kujionea wenyewe darasani kwa njia iliyotolewa mwaka 1929 na daktari Mmarekani, Edgar Allen. Kunja ngumi kwa nguvu. Mwenzako akubane ateri zote mbili za kifundo cha mkono kwa vidole gumba vyake viwili. Baada ya nusu dakika fungua ngumi. Kiganja kitaonekana kimepauka. Mwenzako aachie upande wa kidole cha mwisho tu. Kwa watu wengi rangi hurudi kiganja kizima kabla hujahesabu mpaka kumi. Damu iliyoingia kwa mlango mmoja imeifikia nyumba yote.

Wako watu ambao daktari huiacha ateri hiyo kwa makusudi, nao ni wale ambao figo zao zinakaribia kushindwa kazi. Mwaka 1966 madaktari wa New York walionyesha kwamba ateri ya kifundo cha mkono ikishonwa pamoja na vena ya jirani, vena hiyo hupanuka na kukaza ukuta, ikawa mlango wa kudumu wa kusafishia damu kwa mashine. Mgonjwa wa namna hiyo huchomwa sindano mbili, moja ya kutoa damu na moja ya kuirudisha, kwa kawaida mara tatu kwa wiki. Hayo ni matundu 6 kila wiki na 312 kila mwaka, katika mshipa mmoja, na kila moja huzibwa kwa kubanwa kwa vidole, mara nyingi vidole vya mgonjwa mwenyewe. Baadhi ya wazazi wasomao gazeti hili huenda wanaijua kazi hiyo kuliko mimi.

Yamebaki matundu makubwa. Vali ya moyo, hata ikikunjwa, mara nyingi haipiti katika ateri ya kifundo cha mkono. Huhitaji ala ya namba 14 au hata 18 pajani, na kumi na nane ukigawanya kwa tatu ni milimita 6 kwa ndani, karibu unene wa penseli. Tundu la kadiri hiyo halibaniki kwa vidole. Hapo madaktari hugeuza utaratibu. Wakati tundu lingali dogo hutia kwanza nyuzi mbili, moja ikikata nyingine kwa mshazari, wasizikaze, ncha zake wakazishika kando kwa vibanio. Ndipo hulipanua tundu, huingiza ala kubwa, hufanya kazi ya vali. Mwisho, ala inapotoka, nyuzi huvutwa na mafundo huteremshwa. Waya huachwa ndani mpaka waone kwamba pamekauka, ili mafundo yakikataa kushika, ala iweze kurudishwa juu ya waya uleule, na aitwe daktari wa kushona kwa njia ya Carrel.